Chokoleti na njugu nyumbani: shajara ya mradi unaoendelea

Lengo na vifaa

Naandika haya ili nikumbuke nini kimebadilishwa wapi, maana meza ikishajaa bakuli na trei kila kitu kinafanana. Lengo ni pipi za chokoleti na njugu zinazong'aa, zinazokatika kwa mlio, zisizoanza kuyeyuka ukizigusa tu, na zikikaa kwenye boksi wiki kadhaa zisitoke utando wa kijivu juu. Hilo la mwisho ndo gumu. Pipi tamu ya kula leo jioni yeyote anaweza, unayeyusha, unachanganya, unagandisha kwenye friji, basi. Inayokaa ni habari nyingine kabisa.

Nimepanga aina tatu: vishada (lozi na korosho zilizoshikanishwa na chokoleti, unachota kwa kijiko unaweka kwenye karatasi), njugu za karameli zilizovalishwa chokoleti moja moja, na vipande vya kujazwa, yaani ndani rojo la hazelnati nje ganda la chokoleti.

Vifaa: mizani ya kidijitali, kipimajoto cha kuchomeka, bakuli, mwiko wa mpira, trei, karatasi ya kuokea, blenda yenye nguvu. Kile kipimajoto cha kulenga kwa taa nyekundu nnacho pia ila kinasoma juu tu, chini ya bakuli joto linaweza kuwa limepanda zaidi na wewe hujui, kwa hiyo koroga kwanza ndo upime. Vikombe vya kupimia nimeviweka kabatini. Kila kitu gramu.

Kuchagua chokoleti

Hapa sikukaa sana, ila kuna jambo moja la kusoma kwenye pakiti kabla hujafungua: ndani kuna siagi ya kakao au kuna mafuta ya mimea mengine? Ile ya mafuta mengine (mara nyingi ya mawese au ya kokwa za mawese) inaganda yenyewe bila masharti, haihitaji kutempwa (yaani kuyeyushwa, kupozwa na kupashwa tena kwa digrii maalum ili igande vizuri), na kwa pipi za haraka iko poa tu. Lakini mdomoni inaacha utando wa mafuta na haikatiki vile. Mi nimeamua siagi ya kakao tupu, nikijua inakuja na usumbufu wake.

Ile asilimia kubwa iliyoandikwa mbele, tuseme 70, ni jumla ya vyote vilivyotoka kwenye kakao, ule unga wake pamoja na siagi yake, haikuambii siagi peke yake ni ngapi. Ndo maana chokoleti mbili za asilimia 70 moja inaweza kuwa nyepesi kumiminika nyingine nzito. Ya kuvalishia pipi inatakiwa iwe na siagi nyingi, sheria za Ulaya kwa mfano zinataka chokoleti ya namna hiyo iwe na siagi ya kakao isiyopungua asilimia 31. Vile vichenga vya kuweka kwenye biskuti ni kinyume chake, vingi vimetengenezwa visitapakae kwenye oveni, ukijaribu kuvalishia njugu unapata koti nene lenye mabonge. Sivitaki.

Nimechukua nyeusi ya 58 na ya maziwa. Najua kuna watu kwao chini ya 70 sio chokoleti, ila jaribu 70 na korosho uone, korosho inapotea kabisa, unabaki unatafuna kitu laini ndani ya uchungu. Kwa lozi na hazelnati sawa, zina sauti ya kujibu.

Njugu kwanza, chokoleti baadaye

Karibu maelekezo yote ya chokoleti yanaanza na chokoleti. Mi nimeanzia kwenye njugu na nazidi kuona ndo mahali pake, sababu njugu ina vitu viwili ambavyo chokoleti haivipendi, maji na mafuta. Maji unayatoa kwa moto. Mafuta huyatoi, hazelnati peke yake karibu asilimia 60 ya uzito wake ni mafuta, lozi karibu nusu, korosho na karanga zinafuata hapo nyuma kidogo. Haya mafuta nitayarudia baadaye maana ndo yamebeba mradi wote.

Oveni digrii 160 za Selsiasi, trei moja, njugu zisilaliane, kila aina na trei yake. Lozi zikichukua dakika 14 hivi korosho zinataka pungufu, korosho zinabadilika rangi ghafla, sekunde unazogeuka kuosha kijiko zinatosha. Rangi ya nje inadanganya hasa kwa lozi yenye ganda lake la kahawia, inabidi utoe moja uikate katikati kwa kisu. Ikiwa bado nyeupe ndani rudisha. Ikiwa kahawia hafifu mpaka kwenye kiini toa, na toa hapohapo uzimwage kwenye trei baridi, sababu zikibaki kwenye trei ya moto zinaendelea kuiva zenyewe. Niliingiza gramu 500 za lozi zikatoka 482. Hizo 18 ni maji yaliyoondoka, maji ambayo yangebaki yangekuja kulainisha karameli yangu kutokea ndani.

Na ule mlio! Lozi mbichi inatafunika kimya kimya, iliyoiva vizuri na ikapoa kabisa inavunjika. Ukiionja ikiwa bado ya moto inakuwa laini na utadhani haijaiva, subiri ipoe ndo uamue.

Hazelnati nazifunga kwenye taulo la jikoni zikiwa bado na joto nasugua, maganda mengi yanatoka, machache yakibaki nayaacha, uchungu kidogo hauna shida na chokoleti.

Karanga zinataka kuchambuliwa kwa jicho kabla ya moto. Iliyosinyaa, yenye doa jeusi, yenye fangasi au harufu ya uvundo inatupwa, hakuna kuonja wala kuhurumia, sababu ile sumu ya fangasi inayoitwa aflatoksini haiishi kwa kuchoma tu. Moto unapunguza, haufuti. Harufu ya mafuta yaliyochacha nayo usidhani sukari itaificha, itaibeba tu.

Kutempa, sehemu inayoogopwa bure

Siagi ya kakao ina tabia ya kuganda kwa mipangilio sita tofauti. Mitano kati ya hiyo hatuitaki. Mipangilio ya mwanzo ni dhaifu, inayeyuka kwenye joto dogo, inaganda kwa ulaini na uso usiong'aa, alafu polepole inajibadilisha yenyewe kwenda kwenye mipangilio imara zaidi na katika kujibadilisha huko ndo unaona michirizi ya kijivu. Wa tano ndo wetu, unayeyuka karibu na digrii 33 au 34, yaani chini kidogo ya joto la mdomo, ndo maana chokoleti nzuri ni ngumu mkononi na inayeyuka kwenye ulimi. Wa sita unakuja wenyewe baada ya muda mrefu na unakuja na ule weupe.

Kutempa ni kuilazimisha ianzie kwenye wa tano. Nyeusi naiyeyusha mpaka 45 hadi 50 ili kila mpangilio wa zamani ufutike, naishusha mpaka 27 au 28, naipandisha tena 31 hadi 32 ambapo mipangilio dhaifu inayeyuka ule mzuri unabaki. Ya maziwa inakwenda chini kidogo, kuyeyusha 40 mpaka 45, kushusha 26 au 27, kufanyia kazi 29 mpaka 30. Nyeupe inashuka tena digrii moja hivi. Sababu ni mafuta ya maziwa yaliyomo, yanailegeza siagi ya kakao.

Njia niliyoichagua ni ya mbegu sio ile ya kumwaga kwenye jiwe la marumaru na kusugua na pasi za chuma, ile inapendeza kwenye video ila meza yangu haitoshi na sina nia ya kukwangua chokoleti sakafuni. Kwa mbegu unaacha kama theluthi ya chokoleti pembeni, umeikatakata, haijayeyushwa, bado ina mpangilio mzuri kutoka kiwandani. Unayeyusha theluthi mbili, unatoa kwenye moto, unaingiza vipande kidogo kidogo huku unakoroga bila haraka. Vinashusha joto na papo hapo vinafundisha iliyoyeyuka ipange vipi. Ikifika 31 na vipande vimebaki viwili vitatu havijayeyuka, vitoe.

Jaribio la karatasi: chovya ncha ya kisu, paka mstari mwembamba kwenye karatasi ya kuokea, weka pembeni chumba kikiwa digrii 20 hivi. Ndani ya dakika tano inatakiwa iwe imeganda na imeanza kung'aa. Nilipaka mistari miwili sambamba kwa makusudi, mmoja wa iliyotempwa na mwingine wa iliyoyeyushwa tu ikaachwa ipoe. Wa kwanza ulianza kupoteza sura ya majimaji pembeni, ule mpaka wa kufifia ukasogea kuelekea katikati mpaka mstari wote ukakauka, nikakunja karatasi ukaruka wenyewe ukakatika. Wa pili dakika zilipita bado unashika kidole, baadaye uliganda kwa madoadoa, na ukiukunja unapinda tu. Kesho yake asubuhi ulikuwa na mawingu ya kijivu. Sasa hivi nimeibandika mistari yote miwili kwenye daftari la jikoni, ni ushahidi mzuri kwa mtu anayesema kutempa ni mbwembwe.

Chumba kikiwa cha joto, tuseme 27 kwenda juu, usihangaike, subiri usiku au alfajiri. Kipimajoto hakishindani na hewa.

Kuhusu tone la maji

Kwa wale wanaoyeyushia juu ya sufuria ya maji yanayochemka: maji yasiguse bakuli, mvuke usipande pembeni, na ukiinua bakuli futa chini kabla hujamimina. Chokoleti karibu haina maji kabisa, ni sukari na unga wa kakao vikielea ndani ya mafuta. Likiingia tone moja sukari inalowa, inashikana, na bakuli zima linakuwa kama udongo wa mfinyanzi ndani ya sekunde chache. Cha ajabu ukiongeza maji au krimu ya kutosha inarudi laini, ila hapo tena sio ya kuvalishia, ni mchuzi wa keki. Ndo maana mi natumia maikrowevu kwa nguvu ya nusu, sekunde 30, koroga, sekunde 20, koroga, na mwisho sekunde 10. Hakuna mvuke hakuna wasiwasi. Mwiko wa mbao nao nje, unaweka unyevu ndani yake hata ukiuona mkavu.

Vishada

Hivi ni vya kuanzia, na kama mtu anataka kuacha hapa hajakosa kitu. Gramu 200 za lozi zilizokatwa vijiti, gramu 110 za chokoleti iliyotempwa, chumvi kidogo ya chenga. Chokoleti ni kidogo makusudi, inatakiwa ishikanishe tu sio kuzamisha, ukiona umebaki na dimbwi chini ya bakuli umezidisha.

Jambo ambalo silioni likisisitizwa: joto la njugu zenyewe. Chokoleti yako iko 31, umehangaika nayo, alafu unamwagia lozi zilizotoka oveni nusu saa iliyopita ambazo ndani bado ziko 45. Kutempa kwote kumekufa, ule mpangilio umeyeyuka. Ukimwagia zilizotoka kwenye friji chokoleti inashtuka, inaganda kabla hujachota kijiko cha tatu. Mi nazipima kwa kuchomeka kipimajoto katikati ya rundo, nataka kati ya 25 na 28. Tangu nimeanza kupima njugu na sio chokoleti peke yake vishada vinatoka na mng'ao uleule kutoka cha kwanza mpaka cha mwisho.

Fanya kwa mafungu madogo, gramu 100 za njugu kwa wakati, la sivyo inaanza kuganda kwenye bakuli. Ikianza kuwa nzito pasha kidogo, mashine ya kukaushia nywele inafaa sana hapa, puliza pembeni ya bakuli sekunde chache, koroga, pima, isivuke 33.

Baada ya kuchota, friji dakika 10. Najua watu wanasema chokoleti na friji haviendani, ila chokoleti ikiganda inatoa joto lake yenyewe na likikosa pa kwenda linaharibu katikati ya kipande kinene. Dakika 10 za ubaridi zinasaidia. Kulaza humo usiku kucha ndo balaa.

Karameli

Hii sehemu nimeipenda kuliko zote kwa hiyo nitaandika kirefu.

Lozi gramu 300 (zimeiva nusu tu safari hii, zitamalizikia kwenye sufuria), sukari gramu 100, maji gramu 30. Sufuria pana yenye kitako kizito. Sukari na maji motoni bila kukoroga mpaka shira ifike 117, mapovu yanakuwa makubwa na mazito yanapasuka taratibu. Mwaga lozi zikiwa na joto, sasa ndo koroga na usiache.

Kwa dakika moja hivi hakuna kinachoonekana, lozi zinang'aa na shira inavutika. Alafu inaanza kuchafuka, inakuwa na ukungu, mwiko unakuwa mzito, na ghafla mlio unabadilika, ule wa majimaji unageuka kuwa wa kukwaruza, sukari yote imerudi kuwa chenga nyeupe imeng'ang'ania kwenye kila lozi na nyingine iko chini ya sufuria. Mtu asiyejua anazima moto hapa anadhani imeharibika. Hapana, ndo inavyotakiwa, maji yameisha sukari imejirudi, na sasa kila lozi ina koti lake. Punguza moto kidogo endelea kukoroga, zile chenga za chini zinayeyuka kwanza zinakuwa dhahabu, kila unapogeuza lozi zinajipaka, harufu inatoka kwenye sukari inaingia kwenye karameli, na lozi zinaanza kupasuka kwa sauti ndogo ndogo ndani. Hiyo sauti ndo saa yangu. Ikianza tu natupia gramu 10 za siagi (siagi ya kakao ni bora zaidi kama ipo, haina maji), koroga mara chache, mwaga kwenye karatasi.

Kutenganisha ni kwa uma mbili na ni kwa haraka, karameli hiyo iko juu ya digrii 160 na ikigusa ngozi haiachii. Watoto nje ya jiko kabisa wakati huu, na bakuli la maji baridi liwe karibu.

Zikipoa zinavunjika mdomoni kwa kishindo. Lakini sukari iliyochemshwa hivi inavuta unyevu wa hewa, ukiziacha mezani usiku mmoja wa hewa nzito asubuhi zinanata. Kwa hiyo zinakwenda moja kwa moja kwenye chombo kinachofunga vizuri na zinavalishwa chokoleti mapema iwezekanavyo.

Kuvalisha: lozi kwenye bakuli kubwa, mimina kijiko kimoja cha chokoleti iliyotempwa, koroga mpaka zitengane na zianze kugongana kwa sauti kavu, kijiko kingine, tena, tena. Koti nyembamba nyingi zinashinda koti moja nene. Mwisho unga wa kakao, tingisha, chekecha ubaki uliotosha. Mkono utachoka, hilo halina dawa.

Rojo la hazelnati

Hazelnati nazipitisha kwenye karameli kwa njia ileile ya lozi, zikipoa zinaingia kwenye blenda. Mwanzo ni kelele tu, alafu unga, alafu unga unaolowa pembeni, alafu bonge linalozunguka na visu, na ukivumilia mafuta yanaachia na bonge linalegea linakuwa rojo linalomiminika. Pumzisha blenda kila dakika moja mbili, injini inapata moto na rojo pia, likivuka 60 mafuta yanaanza kujitenga na ladha inachoka. Kwenye hatua hiyo weka chumvi.

Mchanganyiko huu wa chokoleti na hazelnati zilizosagwa una historia ya kiuchumi zaidi kuliko ya kimapenzi. Inasimuliwa kwamba Torino nchini Italia mwanzoni mwa miaka ya 1800 kakao ilikuwa adimu na ghali kutokana na vikwazo vya biashara vya wakati wa Napoleon, mafundi wakairefusha kwa hazelnati za huko huko. Mnamo 1865 kampuni ya Caffarel ikaja na kile kipande kidogo kilichofungwa kwenye karatasi ya dhahabu, gianduiotto. Nikionja rojo langu naamini kabisa kwamba hata kakao iliporudi hakuna aliyetaka kurudi nyuma.

Kwa kujazia: rojo gramu 200, chokoleti ya maziwa iliyoyeyushwa gramu 100. Vichanganye vikiwa karibu 30, koroga mpaka vishuke 24 au 25 na vianze kuwa vizito, mimina kwenye fremu yenye unene wa sentimita moja, laza usiku. Asubuhi kata kwa kisu kilichopashwa na kufutwa kikauka. Kabla ya kukata paka upande wa chini chokoleti nyembamba, inasaidia vipande visishike uma wakati wa kuchovya.

Sampuli za kabatini

Hapa ndo mahali mradi ulipogeuka. Kila aina niliacha vipande kwenye vyombo vilivyofungwa, joto la chumba, vingine sehemu ya baridi kidogo karibu na 17, nikawa navikagua. Chokoleti ni ileile, imetempwa vilevile, jaribio la karatasi lilipita kila mara. Matokeo hayafanani hata kidogo.

Vishada vya korosho nzima: safi, vinang'aa.

Vishada vya lozi zilizokatwa vijiti: kijivu kimeanza, na kimeanza hasa pale kijiti kinapokaribia uso. Lozi iliyokatwa ina uso wazi, mafuta yanatoka bila kizuizi.

Lozi za karameli: safi kuliko zote. Ganda la sukari limezuia mafuta yasivuke.

Vipande vya rojo vyenye koti jembamba, joto la chumba: vimefifia mapema na ganda limelainika, ukikikata hakuna mlio tena. Vilevile vilivyokaa kwenye 17 viko vizuri bado.

Kwa hiyo sio kutempa. Mafuta ya njugu ni ya majimaji kwenye joto la kawaida, yanasafiri polepole kuingia kwenye ganda, yanaiyeyusha sehemu ya siagi ya kakao, inasogea mpaka juu na kuganda upya bila mpango. Ukitempa vizuri unachelewesha, ila njugu iliyosagwa ikikaa mgongoni mwa ganda jembamba itashinda tu. Na mtu akiona kijivu anarudi kulaumu kipimajoto chake, anarudia digrii zilezile, anapata kijivu kilekile.

Namna ya kujua ni kijivu gani: pitisha kidole chenye joto. Kikifutika na uso ukawa laini, ni mafuta. Kikibaki na unahisi ukwaruzo, ni sukari iliyolowa ikakauka, hapo shida ni unyevu, aghalabu pipi imetolewa kwenye friji ikafunguliwa palepale ikatoka jasho. Vyote viwili vinalika bila madhara, ni sura na ladha tu.

Mabadiliko niliyofanya

Lozi za vijiti zimetolewa kwenye mpango wa vishada vya kukaa, zimebaki kwa vya kuliwa ndani ya siku chache. Vya kukaa ni njugu nzima au njugu zenye koti la karameli, na nikitaka vipande vidogo navunja zile za karameli vipande viwili tu sio kusaga.

Vipande vya rojo sasa vinachovywa mara mbili, koti la kwanza linaganda kabisa ndo la pili. Na koti limekuwa la chokoleti ya maziwa badala ya nyeusi, sio kwa sababu ya utamu, mafuta ya maziwa yanachelewesha kijivu. Nyeusi iliyobaki nimeihamishia kwenye lozi za karameli ambako haina adui.

Ndani ya rojo nimeongeza siagi ya kakao gramu 15 kwa kila 300 za mchanganyiko. Linakuwa gumu kidogo kukata, mdomoni bado linayeyuka, na mafuta yanakuwa na kitu cha kuyashika. Sampuli za toleo hili zina koti safi mpaka leo ninapoandika, kwenye joto lilelile la chumba lililozishinda za mwanzo.

Kuhifadhi: 15 mpaka 18, gizani, mbali na vitunguu na viungo maana siagi ya kakao inanyonya harufu za jirani. Kama hakuna mahali pa baridi zaidi ya friji basi chombo kifungwe, kiwekwe ndani ya mfuko mwingine ufungwe, na kikitoka kisifunguliwe mpaka kifikie joto la chumba chenyewe. Saa kadhaa, usichungulie.

Maboksi

Kila boksi lina kikaratasi kinachotaja njugu zote zilizomo, kwa majina, na kwamba vifaa vyote vimegusana. Karanga kiukoo ni jamii ya maharage, lozi sio, kwa hiyo kuna mtu anadhurika na moja bila nyingine, na kuna anayedhurika na zote, "ina njugu" haitoshi. Nimeongeza na mstari kuhusu mbwa, chokoleti ina theobromini ambayo mwili wa mbwa unaiondoa polepole sana, na nyeusi ina nyingi zaidi. Mtu mmoja aliniambia mstari huo unaharibu boksi zuri. Umebaki.

Kinachofuata

Karanga bado hazijapata nafasi yao. Kwenye vishada ziko sawa ila zinapiga kelele kuliko chokoleti, nadhani zinataka karameli ngumu ya bapa: sukari mpaka 150, karanga, kijiko kidogo cha magadi ya kuokea yatoe mapovu ili isivunje meno, imwagwe bapa, ivunjwe, ichovywe nusu. Kwa nadharia ya sampuli za kabatini ingekaa muda mrefu, mafuta yamefungiwa ndani ya sukari kila upande isipokuwa pale inapovunjwa. Pale inapovunjwa ndo swali. Nitavunja kwanza, nitapaka kingo shira nyembamba ya 117 kwa nusu ya vipande na nusu nyingine niache, zote zichovywe pamoja, ziende kabatini na lebo. Zikija na jibu naongeza hapa chini.